Kaburi la baharia huanza kwenye daftari

Kutoka Forodhani, Unguja, kwenda kisiwa cha Chapwani hakuna safari ya kuitwa safari. Boti ya mashine inakufikisha kabla jasho la kungojea abiria halijakauka. Kisiwa chenyewe ni utepe wa mawe na miti, urefu wake kama kilomita moja. Popo wakubwa wamening'inia matawini mchana kutwa na paa wadogo wanakatiza njia. Watalii huenda kuogelea. Mimi huenda kusoma.

Nasema kusoma kwa sababu pale pana makaburi, na makaburi yale yameandikwa. Waingereza walikiita Grave Island, Kisiwa cha Makaburi, kwani tangu karne ya 19 ndiko walikozika wanamaji wao: waliokufa kwa homa, waliouawa katika kukimbizana na majahazi ya watumwa kati ya Unguja na Pemba, na baadaye waliokufa na manowari yao bandarini, mji mzima ukitazama.

Jiwe la baharia lina mtindo wake. Jina, cheo, jina la meli, tarehe. Pengine umri. Pengine mstari mmoja kueleza kwamba jiwe limesimamishwa na wenzake wa chombo. Mahali ambapo jiwe la mtu wa bara lingesema ni mwana wa fulani wa mji fulani, la baharia linasema ni mtu wa meli fulani. Kafia mbali na kwao, waliomzika si ndugu zake, na ukoo alioandikiwa ni chombo.

Chukua hao wa Pegasus. Jumapili tarehe 20 Septemba 1914, wiki chache tu baada ya vita kuanza, manowari hiyo ya Kiingereza ilikuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, mashine zake zikisafishwa na kutengenezwa. Alfajiri ikatokea Königsberg ya Wajerumani, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Mizinga ya Mjerumani ilifika mbali. Ya Pegasus, iliyokuwa meli ya zamani, haikufika. Mapigano hayakuchukua hata saa. Wanamaji zaidi ya thelathini walikufa, wengine wengi wakajeruhiwa, na mchana ule meli ikazama. Waliokufa wakavushwa ng'ambo ya maji mpaka Chapwani, na leo unaweza kusimama pale ukawasoma.

Königsberg nayo ikarudi Rufiji, na haikutoka tena. Watu wa delta waliipa jina lao wenyewe, manowari na bomba tatu, kwa yale mabomba matatu ya moshi yaliyoonekana juu ya mikoko. Waingereza wakaziba milango ya mto kwa miezi. Mwezi wa Julai 1915 wakaleta Severn na Mersey, meli bapa za kupita maji madogo, na tarehe 11 Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Nao walizika wafu wao kando ya mto. Kisha mizinga ikafunguliwa, ikakokotwa na mamia ya watu kwa kamba na mabega kutoka matopeni mpaka Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu miaka mingine. Mzinga mmoja uko Ngome ya Yesu, Mombasa. Watoto wa shule hupiga picha wameukalia. Mwingine uko Pretoria.

Tunajua mizinga ilipo. Walioikokota hatujui hata walizikwa wapi.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia, na nataka niiweke sawa mapema, kwa sababu ni rahisi kuipotosha. Sisemi kwamba mawe ya Chapwani yang'olewe, wala kwamba kijana wa miaka 20 aliyekufa mbali na mama yake hakustahili jiwe. Alistahili. Kila nikipita ninamwombea kheri. Ninachouliza ni hiki: kwa nini yeye ana jina na aliyekuwa naye katika chombo kilekile hana? Jibu rahisi ni ubaguzi, na ni jibu la kweli. Lakini ubaguzi ulikuwa na chombo chake cha kazi, na chombo hicho kilikuwa daftari.

Meli ya kivita ni ofisi inayoelea. Kila mtu aliyepanda aliandikwa: jina, mahali alipozaliwa, siku aliyoanza kula chakula cha meli, mshahara, nguo alizokopeshwa. Akifa, karani aliandika herufi mbili mbele ya jina lake, D mbili, yaani ameondolewa kazini kwa kuwa amekufa. Nguo zake zilinadiwa kwa wenzake, ambao kwa kawaida walizinunua kwa bei kubwa kuliko thamani yake, na fedha zikapelekwa kwa mama au mke. Karani hakukusudia kumjengea mtu kumbukumbu. Alikusudia hesabu zilingane. Lakini mwashi alipokuja kuuliza achonge nini, jibu lilikuwa tayari, na maandishi ya jiwe yakawa mstari uliotolewa kwenye daftari la mishahara.

Sasa njoo kwa wale waliokuwa chini, penye tanuri za makaa. Katika karne ya 19 meli za Kiingereza zilizozunguka Bahari ya Hindi ziliajiri wanaume Unguja, Aden na Bombay, Mumbai ya leo, wengi wao Waafrika, baadhi yao watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Waingereza waliwaita Sidi. Walichochea moto katika joto ambalo Waingereza waliamini Mzungu haliwezi, walivuta makasia, walitafsiri, walijua miamba na mikondo ya Pemba kuliko ramani yoyote. London, meli kubwa iliyotia nanga Unguja tangu 1874 kuwa kituo cha kupambana na biashara ya watumwa, isingeweza kufanya kazi bila watu wa namna hii. Kapteni wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba tarehe 3 Desemba 1881 alipojaribu kukagua jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, na habari zake zimeandikwa vitabuni tangu siku hizo. Katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, pana dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka wanamaji wa Kiingereza waliokufa katika doria hizo.

Masidi nao waliandikwa. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Waliandikwa, lakini mara nyingi si kwa majina yao. Ofisa aliyeona jina gumu, au hakutaka kujisumbua, alimpa mtu jina la utani, la kitu cha melini au la mzaha wa Kiingereza, na hilo ndilo lililoingia daftarini, likalipwa mshahara, likafa. Mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa alichukuliwa kwao akiwa mdogo, akapewa jina na mwenye jahazi, kisha jina jingine na waliomkomboa. Hata ukitaka leo kumchongea jiwe, utachonga nini?

Kuna wanaosema kwamba watu wetu hawakuwa na habari ya mawe ya makaburi. Ni maneno ya zamani, na yaliwahi kuwa sera. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita, iliyoundwa 1917, ilitangaza kanuni nzuri mno: wafu wote watakumbukwa sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Mkuu wa jeshi na askari wa kawaida jiwe lao ni la kipimo kimoja, na la mwanamaji lina nanga iliyozungukwa na kamba. Lakini mwaka 1923 gavana wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliiambia tume hiyo kwamba mwenyeji wa kawaida hangeelewa jiwe la kaburi wala kulithamini, na fikra hiyohiyo ikatumika huku kwetu Afrika Mashariki. Wazungu wakapata jiwe kila mmoja. Waafrika wakapata sanamu ya pamoja. Ile ya Nairobi ina maneno ya Kiswahili yanayomwahidi askari kwamba hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Lizunguke sanamu lile pande zote. Hakuna jina hata moja.

Uchunguzi wa tume yenyewe, uliotolewa Aprili 2021, ulikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wapagazi na askari wa nchi kavu, lakini huenda wamo pia watu wa maji: wapakuaji wa matishali, wachochea makaa, warubani. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Na madai kwamba hatukuelewa maandishi juu ya jiwe yanajibiwa na Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako kibla cha msikiti kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Miaka zaidi ya mia nane kabla ya gavana yule kutoa maoni yake, mafundi wa pwani hii walichonga tarehe kwa hati ya Kikufi, maua na mafundo yake, na hadi leo inasomeka. Nenda Kunduchi uone makaburi ya minara yaliyopachikwa sahani za Kichina. Nenda Takwa, katika kisiwa cha Manda huko Lamu, uone mnara wa kaburi wa karne ya 17 ambao watu wa Shela wameendelea kwenda kuuzuru kuomba mvua. Watu wa namna hiyo ndio wa kuambiwa hawajui jiwe la kaburi?

Hata hivyo pana pingamizi jingine, zito zaidi, na hili linatoka nyumbani. Waislamu wa pwani wengi hawapendi makuu juu ya kaburi. Udongo, jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Na kwa aliyezama tuna faraja kubwa kuliko marumaru yoyote: hadithi ya Mtume inamhesabu mtu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Kiarabu kinatenganisha shahidi anayetoa ushuhuda na shahidi aliyekufa katika njia ya Mungu kwa kuvuta irabu tofauti, na jiwe la kichwani mwa kaburi kimelipa jina la huyo wa kwanza. Kiswahili kimewakusanya katika neno moja. Aliyezama ni shahidi, na jiwe analokosa lingekuwa shahidi wake.

Nalikubali pingamizi hili zaidi ya nusu. Sitaki kuona Forodhani pakisimamishwa baharia wa shaba mwenye kofia. Pwani ina namna zake za kukumbuka: khitma, sadaka, kumpa mjukuu jina la aliyepotea ili liendelee kuitwa uani. Lakini namna zote hizo zinasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni jina. Huwezi kumrehemu mtu usiyejua umtaje vipi. Kwa hiyo nikisema nataka kumbukumbu za mabaharia wetu, sisemi saruji.

Kwamba daftari linaweza kufanya kazi hata kwa mtu wetu, ushahidi upo. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa meli ya Khedive Ismail, na ndani yake kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, mamia ya vijana, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Manowari za ulinzi zikaanza kuisaka nyambizi kwa mabomu ya majini huku walionusurika wakielea palepale. Watu 1,297 walikufa, yakiwa miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya baharini ya vita vile kwa upande wa Waingereza. 

Hawana kaburi. Lakini wana majina, kwa sababu jeshi la mwaka 1944 lilikuwa limewaandika kwa majina yao, na majina hayo yamechongwa katika ukuta wa kumbukumbu kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Unaweza kwenda na kidole ukamtafuta babu yako. Ukuta ule haukuwarudisha. Ila familia iliyokwenda pale na kukuta herufi zile imepata mahali pa kusimama, na mimi nimeona mtu mzima akigusa ukuta kana kwamba anagusa uso.

Waingereza walilijua hili mapema kwa watu wao. Baada ya 1918 walikabiliwa na maelfu ya wanamaji wasio na kaburi, wakajenga minara mitatu katika bandari zao kuu za kijeshi, Portsmouth, Plymouth na Chatham, majina yakiwa kwenye shaba. Minara ilifanywa mirefu makusudi ili nahodha anayeingia auone kutoka baharini na kuutumia kuelekeza chombo. Fikra hiyo naipenda sana, kwamba waliozama waendelee kuwaongoza walio hai kuingia bandarini. Mabaharia wa meli za biashara walipata bustani yao Tower Hill, London. Na mjini Mumbai, katika nyumba ya mabaharia wa Kihindi, pana kumbukumbu ya watu zaidi ya 2,000 waliokufa baharini katika Vita ya Kwanza, kutoka India, Aden na Afrika Mashariki. Ndiyo, baadhi ya mabaharia wa pwani yetu wanakumbukwa Bombay. Ni jambo la haki kwa kiasi chake, kwani meli zao nyingi zilikuwa za huko. Lakini mjukuu wa Mkokotoni atafika lini Mumbai?

Tusiwatwike Waingereza peke yao mzigo huu. Mwaka 1968, Tanzania ikiwa huru, makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yaliyokuwa Barabara ya Ocean, Dar es Salaam, yalihamishwa kupisha ujenzi wa barabara. Yakapelekwa kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo. Waliokuwa na mawe walihama na mawe yao. Waliokuwa katika viwanja vya Waafrika Wakristo, vya wasio Wakristo na vya Waislamu hawakuwahi kuwekewa alama mmoja mmoja, basi mifupa yao ikakusanywa na kuzikwa upya kwa pamoja. Dhambi ya kwanza ilikuwa ya mkoloni. Lakini sisi, miaka saba ya uhuru, hatukupiga kelele.

Wala hatukupiga kelele za kutosha juu ya wale wa 1896. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, Waingereza walilipiga kasri la Unguja kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na upande wa Unguja wakafa au kujeruhiwa watu kama 500. Jahazi la kifalme, Glasgow, likazama mbele ya kasri. Milingoti yake ikabaki imechomoza majini miaka mingi, na kila mpiga picha wa zama zile aliipiga. Milingoti tunayo katika picha. Orodha ya waliokufa kasrini hatuna.

Nije kwetu wa leo, maana ningekuwa mnafiki kulilia daftari la 1881 nikanyamazia la juzi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mpaka leo tunabishana walikuwa wangapi, na ubishi huo si wa hesabu bali wa majina: mtu ambaye hakuandikwa alipopanda, atathibitishwa vipi kwamba alipanda? Tarehe 20 Septemba 2018, siku ileile ya Pegasus, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati ya Ukara katika Ziwa Nyanza. Kivuko cha watu kama mia moja, wakafa 228. Iliripotiwa wakati ule kwamba mkata tiketi alizama pamoja na mashine yake, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kusema kwa hakika waliopanda walikuwa wangapi. Fikiria maana yake. Daftari lilizama na mwandishi wake, kwa sababu halikuwa na nakala nchi kavu. Baadhi ya wafu wakazikwa palepale Ukara, kama wale wa MV Bukoba wa Mei 1996 walivyozikwa Igoma, Mwanza.

Katika vyombo hivyo vyote mlikuwa na mabaharia: mafundi mitambo, wapishi, washika usukani, vijana wa kamba. Watu wanapolia abiria, wao huingizwa katika lawama. Nahodha akikosea ahukumiwe, sina ubishi. Lakini kijana wa kamba hakupanga idadi ya abiria, na mwisho wake hukosa hata nafasi ya kuhesabiwa miongoni mwa marehemu kama mtu aliyefia kazini.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nizunguke Chapwani, Nairobi na Ukara, narudi palepale penye daftari. Na kwa kuwa daftari ni kitu cha ofisi, madai yangu ni ya kiofisi. Vitabu vya mishahara vya meli zile za karne ya 19 havikuungua. Vimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, na barua za ubalozi wa Kiingereza ziko katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, hapa Unguja. Wanafunzi wa historia wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanaweza kuanza mwaka huu kupekua orodha za Masidi, jina la utani kwa jina la utani, na kutafuta lilipoandikwa kando yake jina la kweli au kabila au mji. Watakaopatikana watakuwa wachache. Wachache hao waandikwe Chapwani kwa Kiswahili, kwenye ubao wa kawaida, karibu na wenzao wa chombo kimoja, kwa sababu walichochea moto wa safari ileile.

Na gatini: hakuna chombo kung'oa nanga, kiwe boti ya kasi au jahazi la mbao la kupakia chumvi, bila orodha ya majina ya mabaharia na abiria kubaki mkononi mwa mtu aliye nchi kavu. Sheria za usajili wa abiria tunazo. Tunachokosa ni kuamini kwamba jina ni mali. Manahodha wa majahazi wataniambia kwamba vibarua wao hubadilika kila msimu, leo huyu kesho yule. Najua. Ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka aliyekwenda na jahazi la boriti kutoka Rufiji, msimu wa kusi. Halikufika Unguja, wala ubao wake haukuonekana. Mwaka wenyewe bibi haujui. Anajua tu kwamba mama yangu alikuwa ndiyo ameanza kutambaa. Kila mwaka tulisoma khitma uani, na sisi watoto tuliifurahia kwa ajili ya biriani, Mungu atusamehe.

Mwaka jana nilikaa naye mkekani na daftari la shule, nikamwomba anitajie wote waliokuwa chomboni. Alianza na nahodha, na jina la baba yake, na mtaa. Kisha serahangi, msimamizi wa mabaharia. Kisha kaka yake, akanyamaza kidogo, akaendelea. Wawili walikuwa ndugu wa Pemba. Mmoja alikuwa amemposa binti wa jirani na mahari ilikuwa nusu. Alifika wanane bila kukwama. Walikuwa tisa. Wa tisa alikuwa mpishi, mtoto wa Makunduchi, mwembamba, ana mwanya, alipenda kuimba akipepeta mchele. Bibi alifumba macho akilitafuta jina ulimini. Akasema, "Lipo hapa hapa, mjukuu wangu, ngoja." Nikangoja mpaka adhana ya magharibi.

Nimeacha mstari wa tisa mtupu, nimeandika pembeni: mpishi, Makunduchi, mwanya.